Dirisha Lisilofungwa

Watoto wa jengo lile ndio waliompa jina la Mama Dirisha, na wakubwa wakalichukua. Hakulikataa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana ya mtu aliyepiga pasi maisha yake yote, na kila aliyepita uani, iwe kiangazi iwe msimu wa baridi, aliliona dirisha lake la ghorofa ya tatu likiwa wazi kiasi cha kiganja. Mvua ikinyesha aliweka beseni chini yake. Baridi ikikaza alivaa koti juu ya koti, akajifunga kitambaa kichwani, akalala hivyo hivyo. Majirani walimtania kwamba anafuga upepo, na yeye aliwajibu kwamba upepo haudai chakula.

Jengo lenyewe lilikuwa la manispaa, moja kati ya machache yaliyojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa kipato cha chini. Kuta zilikuwa zege tupu lililopakwa rangi, na vioo vyembamba vilishikwa na fremu za chuma zilizopinda kwa kutu. Msimu wa joto, waliokaa juu kabisa walilala sakafuni wakitafuta ubaridi wa saruji. Msimu wa baridi kuta zilitoka jasho, ukungu mweusi ukapanda nyuma ya makabati, na nguo zilizokunjwa zikanuka kabla hazijavaliwa. Hita zilikula umeme kwa pupa, na mara kwa mara umeme wa jengo zima ulikatika. Kwa hiyo watu waliwasha mkaa. Jiko liliwashiwa kwenye roshani mpaka moshi uishe, kisha likaingizwa ndani, mlango ukafungwa, familia ikalizunguka.

Mama Dirisha hakuwa na jiko la mkaa. Aliwahi kuwa nalo.

Enzi hizo dirisha lake lilifungwa kama la wenzake. Alikuwa na mume, fundi wa kupaka rangi, mtu wa maneno machache, na binti aliyekuwa ameanza shule, na mtoto wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Yeye alifanya zamu ya usiku kwenye dobi ya hospitali, akipiga pasi shuka za wagonjwa, na mtoto mchanga alimwacha kwa dada yake aliyekaa karibu na hospitali ili apate kumnyonyesha wakati wa mapumziko. Mwaka ule baridi ilikuwa ya kuuma mifupa. Siku moja kabla ya kwenda kazini alichana shuka kuukuu vipande vipande, akavisokomeza kwenye kila ufa wa dirisha, kisha akashona mto mrefu mwembamba wa kuziba chini ya mlango. Mumewe alimsifu kwamba sasa hata nzi hapiti.

Aliporudi asubuhi na mtoto mgongoni, aligonga, akagonga tena, mwisho akatumia ufunguo wake. Chumba kilikuwa bado na joto. Mume na binti walikuwa kitandani, blanketi limewafunika vizuri, na nyuso zao zilikuwa na wekundu wa afya kiasi kwamba alijiambia wamelala mno leo. Kando ya kitanda jiko lilikuwa limebaki majivu. Daktari alimweleza baadaye kwamba hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, na kwamba mtu aliyelala hajui lolote. Alimweleza hivyo kwa kumfariji.

Mchana ule ule alichomoa matambara yote, na dirisha halikufungwa tena.

Waliojua habari ile walihama mmoja baada ya mwingine, wengine wakafa. Dada yake alimshauri amwambie yule mtoto wa kiume, akikua, kwamba baba na dada yake walifariki katika ajali ya barabarani, maana ajali ni jambo ambalo watu hawaliulizi sana. Kijana alipopata akili aliuliza mara moja, akajibiwa, akaridhika. Alikua, akajifunza ufundi wa magari, akaoa, akahamia upande wa pili wa mji. Mama yake alibaki na pasi zake mchana na upepo wake usiku.

Kisha manispaa ikaleta habari kwamba majengo yote yatatengenezwa upya.

Wapangaji waliitwa uani, na mhandisi wa mradi akasimama juu ya kreti ya soda ili aonekane. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, aliyevaa kofia ngumu iliyomzidi kichwa. Alieleza kwamba majengo haya yanapoteza joto kama kikapu kinavyopoteza maji, kwamba umeme na mkaa unaoteketea humo ni mwingi kupita kiasi, na kwamba moshi na hewa chafu yake ndiyo inayozidi kuipasha dunia joto. Kuta zingebandikwa vibao vinene vya sponji ngumu kwa nje na kupigwa lipu upya. Paa lingewekewa tabaka la kuzuia jua na mitambo ya kuchemsha maji kwa jua hilo hilo. Kila nyumba ingepata hita mpya isiyokula umeme mwingi, na madirisha yote yangeng'olewa na kuwekwa mengine ya vioo viwili viwili.

"Kwa hiyo nyumba inavalishwa koti," alisema mwanamke wa ghorofa ya chini, ambaye wote walimwita Redio kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, adhuhuri imeshafika kwenye jengo la jirani. Watu wakacheka, na mhandisi akacheka nao, akasema hajawahi kusikia mtu akiieleza vizuri zaidi.

Mama Dirisha alinyoosha mkono. Aliuliza hayo madirisha mapya yakifungwa yanafungika kiasi gani.

"Kabisa, Mama," mhandisi alijibu kwa furaha. "Hata upepo hautapata pa kupenya."

Alishusha mkono, akajikusanya, akaondoka katikati ya mkutano. Alipoletewa mtu wa kupima dirisha lake wiki iliyofuata, alimsimamisha mlangoni na kumwambia kwamba kwake hawataondoa kitu.

Mwanzoni hakuna aliyejali. Jukwaa la vyuma lilipanda kuzunguka jengo, mafundi wakapita nje ya madirisha kama watu wanaotembea hewani, vumbi la zege likaingia hadi kwenye sukari. Nyumba moja baada ya nyingine ilibadilishwa. Lakini kazi ilipofika upande wake ikakwama, kwa sababu vibao vya nje vilitakiwa kukutana na fremu mpya, na fremu ya zamani ikibaki, maji ya mvua yangeingia nyuma ya vibao na kuharibu ukuta mzima hadi chini. Mkandarasi akawahamisha mafundi wake kwenye jengo lingine. Upande ule wote ukabaki na majukwaa, maturubai yakipigapiga usiku kucha, na baridi ilikuwa njiani.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kwenye ngazi salamu zilipungua. Mlinzi mstaafu wa ghorofa ya juu, aliyeitwa Sajini kwa jinsi alivyopenda kuamrisha, alisema waziwazi kwamba mtu mmoja hawezi kuwashikia wengine roho mkononi. Wengine walisema kichwa cha bibi kimeanza kuchoka. Redio ndiye aliyempigia simu kijana wake.

Kijana alikuja Jumapili, akakaa kwenye ukingo wa kiti bila kuvua jaketi. Alimwambia mama yake kwamba watu wanamsema vibaya, kwamba yeye mwenyewe anaona aibu, na kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu anayekataa kuwekewa nyumba yenye joto. Alimsihi ampe sababu moja tu, hata ndogo. Mama yake alimwangalia usoni, akaona paji la uso la marehemu mumewe. Akamuuliza kama ataongeza chai. Kijana aliondoka bila kuinywa hata ile ya kwanza.

Siku chache baadaye mhandisi alibisha hodi. Alikuwa peke yake. Alivua kofia, akavua viatu vyenye matope, akaingia na soksi. Hakuanza na maneno ya kushawishi. Alitazama chumba, akatazama beseni chini ya dirisha, akasema bila shaka Mama ana sababu yake, na kama hataki kuisema, basi amweleze angalau anaogopa nini ili yeye ajue anatengeneza nini.

Mama Dirisha alisogeza beseni kwa mguu. Kisha akauliza.

"Ukishanifungia chumba hiki namna unavyotaka, halafu mtu akaingiza jiko la mkaa, itakuwaje?"

Mhandisi aliweka kofia yake sakafuni.

"Atakufa, Mama."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba ule kwa mtu kulitamka neno hilo ndani ya chumba kile. Mhandisi aliendelea taratibu, kama mtu anayechagua pa kukanyaga. Alisema hata dirisha bovu haliokoi mtu kwa uhakika, linategemea bahati ya upepo tu. Ndiyo maana kila nyumba inawekewa feni ndogo ya kuvuta hewa isiyozimwa, na kidude cha kupiga kelele hewa ya sumu ikizidi, na hita ili pasiwe na haja ya mkaa. Lakini mtu akiziba feni na kuwasha mkaa kwa mazoea, hawezi kumdanganya, nyumba mpya itamuua haraka kuliko ya zamani.

"Mbona hukusema hivyo pale uani?"

Alikiri kwamba mafunzo ya kutumia nyumba yalipangwa kufanyika mwisho, kazi ikishakamilika, na kwamba hakuona haja ya kuwatia watu hofu mapema.

Hapo Mama Dirisha akatoa ya moyoni. Aliyasimulia yote akiwa ametazama mikono yake, kuanzia matambara hadi ule wekundu mashavuni. Alipofika kwenye mto wa mlangoni alionyesha urefu wake kwa mikono, akaendelea. Mhandisi alisikiliza akiwa ameinama. Mwishowe hakumwambia pole wala si kosa lako. Alimuuliza tu kama angekubali kuwasimulia wenzake, maana yeye anaweza kusema mpaka kesho na watamsikia kama mtu wa ofisini.

"Nitawasimulia," alisema. "Ila kuna mmoja anatakiwa asikie kabla yao."

Kesho yake aliomba ruhusa kazini, akaenda hadi gereji alikofanya kazi mwanawe. Alimkuta chini ya gari, miguu tu ikionekana. Walikaa nyuma ya gereji, juu ya matairi yaliyochakaa, na akamwambia. Kijana alisikiliza mpaka mwisho huku akifuta vidole vyake kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko vidole vyenyewe.

"Kwa nini ulinidanganya, Mama?"

"Niliogopa utaniuliza nani alisokomeza yale matambara."

Kijana alisimama. Alionekana anatafuta pa kuweka kile kitambaa. Alisema ana kazi ya watu inamsubiri, akarudi chini ya gari, na mama yake akabaki amekaa pale mpaka mwenye gereji alipomuuliza kama amefuata huduma.

Simu ya mwanawe haikuja wiki ile, wala zilizofuata. Alijikaza. Alikuwa ameahidi, na maturubai yalikuwa bado yanapigapiga. Baada ya kazi alianza kupanda ngazi na kushuka, mlango kwa mlango, na popote alipokaribishwa alikaa na kusimulia habari ile ile kwa maneno yale yale. Hakuipamba. Kwa Redio aliianza saa za jioni, na alipomaliza, yule mama ambaye hajawahi kukosa la kusema alikaa akitazama jiko lake lililokuwa chini ya meza. Kisha aliliinua likiwa na majivu yake, akalitoa nje kwenye roshani. Habari ile, kwa maajabu ya wote, hakuitangaza. Alisema si yake ya kutangaza. Alichofanya ni kufuatana na Mama Dirisha kila alikokwenda, akabisha yeye milango ili mwenzake asichoke.

Wengi walielewa. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mchanga alilia. Wapo waliosikiliza kwa heshima na kubaki na majiko yao. Sajini hakuwafungulia mlango wote. Alizungumza kupitia upenyo, akasema yeye amelala na mkaa tangu utotoni na hajafa, na kwamba hapendi mtu kumletea maneno ya misiba nyumbani.

Siku ya kubadilishiwa dirisha, ambalo sasa alikubali liondolewe, Mama Dirisha hakwenda kazini. Fundi alikata fremu ya zamani kwa msumeno wa umeme, cheche zikaruka, kisha yeye na mwenzake wakaibeba nzima nzima na kuiteremsha kwa kamba. Kwa muda mrefu palikuwa na shimo kubwa tu ukutani, na mji wote ukionekana ndani yake. Halafu lile jipya likaingia, likabanwa, likapigwa povu na silikoni za kuziba mianya. Fundi alilifunga kwa kuonyesha, na kelele za barabarani zikakatika ghafla. Mama Dirisha alishika ukuta. Fundi, aliyekuwa ameshaambiwa, alilifungua tena bila kusema kitu, akamuonyesha jinsi linavyoweza kuinamishwa na kuachwa na mwanya juu, kisha akapanda juu ya kiti hadi kwenye feni na kubandika utepe wa karatasi laini ili auone ukipepea.

Wiki za kwanza alilala na dirisha limeinamishwa. Mhandisi alipopita kupima joto aliliona, akasema liache, hasara yake ni ndogo. Polepole mwanya ulipungua. Alipolifunga kabisa ilikuwa mchana, siku ya mapumziko, na alikaa mbele yake akiwa na viatu miguuni. Ukuta ulikuwa mkavu. Ukungu nyuma ya kabati ulikuwa umefutwa na haukurudi. Alivua koti, akavua na sweta, akabaki na gauni la kawaida katikati ya msimu wa baridi, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka. Halikumpa raha aliyoitarajia. Aliona haya kupata kwa urahisi joto ambalo mumewe na binti yake walilifia, na jioni ile hakula.

Katikati ya baridi, mara tu baada ya giza kuingia, kengele ililia ghorofa ya juu. Redio alikuwa kwa Mama Dirisha wakisuka mikeka ya plastiki, na wote wawili walijua sauti ile ni ya nini. Walipanda mbio kadiri miguu ilivyowaruhusu. Mke wa Sajini alifungua mlango akiwa anapepesuka, akisema kichwa, kichwa. Mama Dirisha alimvuta ngazini, akavuta pumzi, akaingia. Jiko lilikuwa miguuni pa kiti. Juu ukutani soksi ilikuwa imesokomezwa kwenye feni, maana Sajini alidai inamletea baridi ya kisogo. Yeye mwenyewe alikuwa ameegemea kiti, mdomo wazi, mashavu yana wekundu. Mama Dirisha aliona wekundu ule, lakini mikono yake ilikuwa imeshafika dirishani. Alilifungua lote. Redio alilitupa jiko roshani. Wakamshika Sajini kila mmoja kwapa lake, wakamburuta hadi koridoo, ambako majirani waliwapokea.

Alilazwa hospitali, akapona. Alirudi mtu mwenye sauti ya chini. Hakuwahi kuja kushukuru, wala hakuna aliyemtarajia, lakini tangu hapo akikutana na Mama Dirisha kwenye ngazi alisimama kando, akampisha, akamsalimia kwanza. Majiko yaliyokuwa yamebaki yalitolewa moja moja, na manispaa ikamwomba Mama Dirisha aende kwenye majengo mengine kabla kazi haijaanza, na sasa maneno hayo yalitangulia, hayakusubiri mwisho.

Mwanawe alisikia habari za Sajini, bila shaka kutoka kwa Redio. Alikuja asubuhi, baridi ikiwa imeshalegea, na mara hii alivua jaketi. Hakuzungumzia gereji wala miezi iliyopita. Alimwomba mama yake ampeleke walikozikwa, kwa kuwa alikuwa hajawahi kupaona.

Walikwenda kwa miguu. Mama alikuwa akienda pale peke yake kila mwaka, na alijua njia kati ya makaburi bila kuinua macho. Kijana alichuchumaa, akaanza kung'oa majani, kwanza kwenye kaburi refu, kisha kwenye lile fupi. Kwenye lile fupi mikono yake ilipunguza kasi. Aliuliza dada yake alikuwa mtu wa namna gani.

Mama yake alikaa chini kwenye nyasi. Alikuwa hajaulizwa swali hilo na mtu yeyote, na aligundua kwamba jibu lake lipo, halijaenda popote.

"Alikuwa mbishi," alisema. "Alikuwa akikubeba mgongoni kupanda zile ngazi, na wewe ulikuwa mzito. Nikitaka kumsaidia anakataa. Anasema, huyu ni wangu."

Kijana aliendelea kung'oa majani. Alipomaliza upande ule alihamia upande wa pili, na mama yake akasogea kumsaidia.